Mama Jalada na Meza Iliyotoka Nje ya Geti

Ijumaa hii, saa tisa na nusu alasiri, Mama Jalada atakabidhi funguo za masjala na kustaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu kwa miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe. Sisi wa Idara ya Utumishi tulikuwa tumeandika miaka thelathini na mbili, akaturudishia karatasi ikiwa na alama ya penseli nyekundu pembeni na neno moja tu: "Rudieni."

Kwa wageni watakaohudhuria hafla na hawajui masjala ni nini, ni kile chumba cha mwisho wa korido, chenye dirisha dogo, ambamo kila barua inayoingia na inayotoka huandikwa kwenye rejista, hupewa namba na kuwekwa kwenye jalada lake. Alipoingia humo akiwa karani msaidizi, alikuta majalada yamefungwa kwa kamba za viatu na panya wawili wenye afya njema kuliko watumishi. Mwaka haukuisha, panya walihama na kila jalada lilikuwa na namba. Tangu hapo hakuna jalada lililopotea mikononi mwake. Yaliyopotea yalipotea juu ya meza zetu sisi maofisa, naye alikuja mwenyewe, akanyanyua chupa ya chai, akalitoa jalada chini yake, akaondoka bila salamu.

Jina la Mama Jalada alipewa na madereva, na likamganda. Mumewe, fundi umeme, analalamika kwamba hata nyumbani vyeti vyake vya hospitali vimetobolewa matundu na kupewa namba, na kwamba kadi za harusi za watu wengine zina jalada lao. Ofisa mmoja aliwahi kudai mbele ya kikao kwamba hajapata kuona barua fulani maishani mwake. Mama Jalada alileta rejista, akafungua, akamwonyesha sahihi yake, saa aliyosaini, na doa la mafuta ya karanga alizokuwa akitafuna wakati ule. Kikao kilivunjika mbavu. Ofisa huyo sasa anasoma barua zake zote, hata zisizomhusu.

Sasa tuje kwenye lile janga la maradhi la miaka mitano iliyopita. Haiwezekani kumuaga mama huyu bila kulitaja, na mwandishi anaomba radhi mapema kama sauti yake itapanda.

Kwanza zilikuja ndoo. Serikali iliagiza kila ofisi ya umma iweke ndoo za kunawia mikono mlangoni, tukaletewa kumi na mbili zenye koki, sisi wenye jengo la milango miwili na bomba lililokauka miezi mitatu kabla. Kisha kikaja kipima joto cha kuelekezwa kwenye paji la uso. Kilimsoma kila mtu nyuzi thelathini na mbili, yaani kwa mujibu wa kifaa hicho watumishi wote tulikuwa maiti. Mlinzi wetu wa getini aliandika thelathini na mbili, thelathini na mbili, kwa wiki sita mfululizo. Taarifa ilipelekwa wizarani kila Jumatatu, na huko nako hakuna aliyeshtuka.

Halafu zikaja nyaraka. Mungu wangu, nyaraka! Waraka Namba Tisa ulifunga saluni, vibanda vya ushonaji, vinyozi na soko la nguo za mitumba, kwa sababu shughuli hizo zinakutanisha watu. Sawa, watu walikuwa wanaumwa na wengine wanakufa, hakuna aliyebisha. Lakini watu hao waliofungiwa walikaa miezi mitatu bila mtu kuwauliza wanakula nini. Mwezi wa nne ndipo likazaliwa jambo jema, Mfuko wa Ahueni kwa wafanyabiashara wadogo. Ukaja Waraka Namba Kumi na Tatu: kila mwombaji ajaze fomu, ailete mwenyewe kwa mkono kwenye ofisi yetu, igongwe mhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe, mwisho saa kumi jioni siku ya Ijumaa. Atakayeukosa mhuri huo amekosa ahueni, na amekosa pia leseni ya kufungua tena biashara yake.

Waraka huo uliandikwa wiki tatu kabla. Ulitufikia Jumatatu ya wiki ileile ya mwisho.

Jumanne asubuhi, kutoka wizara nyingine, ukatua Waraka Namba Kumi na Nne: ofisi zote za umma zisiruhusu mgeni yeyote kuingia kwa siku kumi na nne. Mtu mwenye akili timamu angenyanyua simu na kuuliza. Mkurugenzi wetu wa wakati ule, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumpinga mkubwa, aliamua kutii nyaraka zote mbili kwa pamoja. Tangazo la kuwataka watu walete fomu lilibandikwa getini upande wa nje, na geti likafungwa kwa kufuli upande wa ndani. Namwomba msomaji asidhani natia chumvi. Tangazo lenyewe lipo, lina namba.

Jumatano tulifanya kikao kwa njia ya mtandao. Kilichukua saa tatu, na kwa saa nzima mwenyekiti alikuwa anazungumza huku amezima kipaza sauti, sisi tukitikisa vichwa kwa heshima. Tuliazimia kuiandikia wizara kuomba mwongozo. Dereva alipeleka barua hiyo, akakuta wizara nayo imefungwa kwa Waraka Namba Kumi na Nne, akarudi nayo.

Alhamisi foleni ilifika hadi kwenye duka la dawa la kona. Mstari wa mbele alikuwepo msusi ambaye saluni yake iko mkabala na geti letu, na ambaye amesuka vichwa vya nusu ya wanawake wa ofisi hii. Ana watoto watatu. Alikuwa ameshauza mashine ya kukaushia nywele, na mwenye nyumba amempa hadi mwisho wa mwezi. Alishika nondo za geti akasema kwa sauti ambayo ilisikika hadi ghorofa ya pili: "Jamani, mlisema nifunge, nimefunga. Mmesema nijaze fomu, nimejaza. Sasa mnataka nipite juu ya ukuta?" Dirisha la mkurugenzi lilikuwa wazi. Likafungwa.

Hapa inafaa kueleza kwamba Mama Jalada ndiye mtu wa mwisho katika jengo lile aliyepaswa kusogelea foleni. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na sukari ya muda mrefu. Binti yake wa pili ni muuguzi, na wakati huo alikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wa janga. Walikuwa hawajashikana mkono kwa wiki kumi na moja. Kila jioni alimpigia simu mama yake kumsihi akae ndani. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba mama huyu hakujua alichokuwa akikifanya.

Ijumaa, saa mbili kasorobo asubuhi, alivaa barakoa mbili, akachukua rejista, mhuri, kidau cha wino na mikate miwili kwenye mfuko, akaanza kuiburuta meza ya masjala koridoni. Mlinzi alimkimbilia. "Mama, hairuhusiwi, waraka umekataza." Akamjibu, "Waraka umekataza watu kuingia, mwanangu. Mimi natoka. Hebu shika upande huo." Mlinzi alijikuna kichwa, akatafuta kosa katika maneno hayo, akalikosa, akashika upande ule.

Meza ikawekwa nje ya geti. Mama Jalada alichora mistari ya chaki barabarani, hatua mbili kati ya mtu na mtu, na kazi ikaanza. Kikwazo kilikuwa swali la saba kwenye fomu, lililomtaka mwombaji aambatishe risiti za mauzo ya miezi mitatu iliyopita. Miezi ileile mitatu! Aliyeandika swali lile nadhani mpaka leo ana ofisi yenye kiyoyozi. Mama Jalada alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa: "Swali la 7 andika hivi: Biashara ilifungwa kwa amri ya serikali, rejea Waraka Na. 9." Akakitundika getini, juu ya tangazo letu. Watu wakanakili.

Hakunyanyuka pale isipokuwa kwenda kujidunga sindano yake ya sukari. Jua lilipohamia upande wa meza, mlinzi alileta mwavuli wake akasimama nao. Ilipogonga saa kumi kamili alifunga rejista, akaandika jumla kwa penseli nyekundu: fomu mia nne na kumi na saba. Ya kwanza ilikuwa ya msusi.

Mngetegemea ofisi ifurahi. Jumatatu wizara ilipiga simu kuuliza ilikuwaje ofisi iliyofungwa ikapokea fomu mia nne na kumi na saba, wakati ofisi nyingine hazikupokea hata moja. Haikuuliza kwa nini zile nyingine hazikupokea. Mkurugenzi wetu alitoka jasho, akaitisha kikao cha dharura cha watu sita, safari hii ana kwa ana, madirisha yamefungwa. Akamtaka Mama Jalada aandike kwenye rejista kwamba tarehe imegongwa kimakosa, na kwamba fomu zilipokelewa baada ya ofisi kufunguliwa. Maana yake zingekuwa zimechelewa zote, na sisi tungekuwa salama.

Mama Jalada alisimama mbele yetu, rejista kifuani. Alisema, "Walikuja Ijumaa, nimeandika Ijumaa. Nikiandika kingine nitakuwa nimeandika uongo, na kitabu hiki hakina ukurasa wa uongo hata mmoja. Mkitaka uongo, bosi, uandike wewe, mimi nitaupokea na kuupa namba." Akakaa.

Kikao kiliamua kumpa onyo la maandishi. Ikawa kazi kutafuta kosa, maana hakuna kanuni inayomkataza karani wa masjala kupokea barua. Tulipekua kanuni za utumishi hadi tukapata moja, na kosa likaandikwa hivi: "Kuhamisha samani za ofisi nje ya eneo la kazi bila idhini ya maandishi." Watu wazima sita, wenye shahada, tulipiga kura juu ya meza. Onyo lilipita bila kupingwa, na likamfungia njia ya cheo cha Mkuu wa Masjala, ambacho kilikuwa kimebakiza saini tu. Kiti hicho kiko wazi hadi leo. Kazi yake ameifanya yeye kwa miaka mitano, kwa daraja lilelile la chini, na kwa daraja hilo anastaafu.

Fomu hazikutenguliwa. Mhuri ulikuwa halali, rejista ilikuwa safi, wizara haikupata pa kuzishika. Saluni ya mkabala ilifunguliwa, na leo hii ina wasusi wanne. Mwaka uliofuata taarifa ya ofisi ilitoka na picha ya meza ile ikiwa nje ya geti, maelezo yakiwa "ubunifu wa uongozi katika kukabiliana na athari za janga kwa uchumi wa wananchi." Mkurugenzi alipewa cheti, akahamishwa kwenda pakubwa zaidi. Mama Jalada aliipokea taarifa hiyo, akaipa namba, akaiweka panapohusika.

Wiki iliyopita nilikwenda masjala nikiwa na ruhusa ya mkurugenzi wa sasa, kulitoa onyo lile kwenye jalada lake binafsi, ukurasa wa sitini na moja, ili angalau aondoke akiwa safi. Nilidhani atafurahi. Alivua miwani akanitazama nikajiona mdogo. "Mwanangu, karatasi haitoki kwenye jalada," alisema. "Ingekuwa zinatoka, zile za watu wa foleni zingekuwa wapi leo? Kama una la kusema, andika, usaini, liwekwe juu yake."

Basi nimeandika, Mama. Nimeandika kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, na nakala iliyotiwa sahihi imeletwa kwako kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa. Unajua kuliko sisi wote kwamba karatasi ya mwisho kuingia ndiyo inayokaa juu, na kwamba atakayelifungua jalada lako kesho au miaka ishirini ijayo ataanza na ukurasa wa sitini na mbili, ambao ni huu.

Tunakushukuru kwa miaka yote, kwa penseli nyekundu, na kwa kutuvumilia. Nenda kapumzike na Baba watoto, umkumbatie binti yako hadi achoke, sukari itulie, na mtu yeyote asikuamshe asubuhi kukuuliza jalada liko wapi. Tunakuombea siku njema, nyingi, zisizo na waraka.

Na kwa kumbukumbu za ofisi: mimi, afisa utumishi niliyetia sahihi hapa chini, nilikuwa mmoja wa wale sita, na mkono wangu niliunyoosha. Ilikuwa woga, haikuwa kanuni. Iandikwe kwamba meza ilihamishwa kwa sababu watu walikuwa nje.