Leso Katikati ya Kamba

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mwalimu wa kemia ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu Kamba. Alifariki Jumanne, nyumbani kwake, akiwa na binti yake. Narudia: akiwa na binti yake. Kuna miaka nisingethubutu kuwasomea sentensi hiyo.

Jina lilitoka darasani. Aliwapa wanafunzi wawili kamba, katikati amefunga leso. "Nyie ni atomi. Leso ndiyo elektroni mnazoshirikiana. Haya, vuteni!" Nguvu zikiwa sawa, leso ilitulia katikati. Mmoja akizidi, leso ilisogea kwake. "Mmeona? Kwenye maji, oksijeni ndiyo mbabe. Elektroni zinakaa zaidi kwake, upande wake unakuwa hasi kidogo. Haidrojeni inabaki chanya kidogo. Lakini hakuna aliyeachia!"

Siku moja zamu ikawa ya binti yake mwenyewe. Akavutwa, akavutwa, akaachia. Mwenzake akaanguka chali ndani ya ndoo ya kupigia deki iliyokuwa nyuma yake. Darasa likavunjika mbavu. Baba hakucheka.

"Ukiachia, muungano umekwisha," alisema.

Binti akaacha kemia, akawa msusi. Baba akanuna miaka. Shangazi mtu anatuambia: "Kaka yangu na mwanawe, wote vichwa vigumu. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Kisha kiharusi kikamlegeza mzee mkono. Binti akaja na beseni. Akakuta shangazi amemlowesha kichwa kwa mafuta, eti dawa. Akamwagia maji. Maji yakajikusanya matone matone kama shanga, yakateleza, mwanga wa dirishani ukielea ndani yake.

"Maji peke yake hayatoi mafuta, Baba. Ngoja sabuni."

"Kwa nini?" Ualimu hauna likizo.

Binti akasugua povu taratibu. "Maji yana upande hasi na upande chanya, yanashikana yenyewe kwa yenyewe. Mafuta hayana pande hizo, yanaachwa nje. Sabuni ina kichwa kinachoshika maji na mkia unaoshika mafuta."

Mzee akafumba macho. Povu likamshuka shavuni, na machozi nayo.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza, Baba. Nilichoka tu kuvutwa."

"Nilivuta kupita kiasi, mwanangu. Nisamehe."

Tangu hapo binti alimwosha nywele kila asubuhi, hata zilipokuwa safi. Jumanne, baada ya kumwosha, baba alishika ncha ya taulo, binti akashika nyingine. Mkono ule haukuwa na nguvu. Taulo likaenda karibu lote upande wa binti.

"Leso iko kwako sasa," mzee alinong'ona. "Lakini mimi sijaachia."

Akalala, hakuamka. Ilibidi shangazi afungue vidole vya kaka yake kimoja kimoja kutoka kwenye taulo.

Pole sana, binti. Pole, shangazi. Poleni wote mliowahi kushika kamba ile. Mungu amlaze pema.

Na wewe msikilizaji wangu, kuna mtu umeshika naye kamba moja. Ukiona anachoka, legeza kidogo. Usiachie.