Nohemí Tamayo na Ahadi ya Saa Sita

Marehemu Nohemí Tamayo Vásquez alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Agosti 1958 katika kitongoji cha La Honda, Angostura, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Jesús Antonio Tamayo na Bibi Ernestina Vásquez. Alizaliwa wakati wa kukamua. Mkunga aliombwa angoje ng'ombe wamalizwe, mtoto hakungoja.

Alisoma miaka mitatu katika shule ya kitongoji, 1966 hadi 1968. Mwaka wa nne hakwenda. Mama yake, akiwa na miaka arobaini na minne tu, alikuwa ameanza kuinjika sufuria tupu, na Nohemí akabaki nyumbani kumlinda na moto. Hata hivyo miaka hiyo ilimtosha kusoma gazeti, katekisimu, na baadaye karatasi zote za mumewe, ambaye hakusoma hata mwaka mmoja. Maneno haya nayo ni ya mumewe. Kalamu ni ya binti yao.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Leonidas Builes katika kanisa la Angostura. Mama yake Leonidas hakupenda. Alisema, "Ukoo ule unapumbaa, mwanangu. Utalea watoto, kisha utamlea mama yao." Nohemí mwenyewe hakuficha kitu. Leonidas alimzidi miaka kumi na minne, naye akamwambia, "Mzee, nikifika arobaini na tano nitaanza kukusahau. Wewe utakuwa umezeeka, unanisahau pia. Tutatoka sare."

Wakati huo sote tulijua ugonjwa ule ni laana inayotoka kwenye mti fulani. Anayeshika gome lake, akili inamtoka. Wiki ya kwanza ya ndoa Leonidas akashika shoka, amejifunga matambara mikononi, akaangusha miti yote ya aina ile iliyozunguka nyumba. Ng'ombe walikaa juani miaka kumi. Ilikuwa kazi bure, lakini aliifanya kwa moyo.

Kazi ya marehemu ilikuwa maziwa. Alitengeneza jibini nyeupe, akaifunga kwenye majani, akaiuza mbele ya kanisa kila Jumapili kwa miaka ishirini na saba. Mteja akilalamika kwamba chumvi haitoshi, alijibiwa, "Chumvi iko kwako, baba. Kwangu kuna maziwa."

Mwezi wa Machi 2004 alitia dawa ya kugandisha mara mbili katika ndoo moja. Jibini ikatoka ngumu kama soli ya kiatu. Alicheka sana. Wiki iliyofuata akatia mara tatu, na hakucheka.

Walikwenda Medellín kwa madaktari ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiandika koo zetu, nani kazaliwa na nani, nani kasahau lini. Daktari mmoja, mama mpole, aliwaeleza taratibu. Kichwani mna protini. Zinatakiwa zijikunje vizuri, zifanye kazi yake, kisha ziondolewe. Katika ukoo huu kuna kosa dogo linalorithiwa kwa damu, na protini zinashikana. Zinakuwa mabonge nje ya seli, na ndani ya seli nyuzi zinajisokota. Seli hazisemezani tena, hazipati chakula, zinakufa moja moja.

Nohemí alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo, daktari, kichwa changu kinafanya jibini?"

"Karibu hivyo, mama."

"Na mti?"

"Mti hauna kosa."

"Umesikia, Leonidas? Kawaombe radhi ng'ombe wako." Kisha akamwambia daktari, "Nimefurahi. Laana huwezi kuizuia. Maziwa, iko siku mtu atajua namna ya kuyazuia yasigande."

Siku hiyohiyo aliahidi kwamba akifa ubongo wake uende kwao, wautazame. Mtoto wa mama mwenye kosa hilo yuko nusu kwa nusu, alirithi au asilirithi, na yeye alikuwa na watoto wawili. Daktari alisema sharti ni moja: mwili ufike kabla ya saa sita kupita tangu kufa. Baada ya hapo hautawafaa sana. Nohemí alimwapisha mumewe mbele ya daktari. "Nitakuwa nimesahau," alisema. "Wewe usisahau."

Dada yake mkubwa, Libia, alikasirika. "Utakwenda mbele za Mungu kichwa kitupu?"

"Dada, anakijua. Kwani huko atanituma sokoni?"

Libia hakukubali kwa miaka kumi na tano. Katika miaka hiyo marehemu alisahau sala, kisha majina ya watoto, kisha mumewe, kisha kumeza. Libia alimwogesha kila siku, na kila siku alisema hapana.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 14 Mei 2019, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sitini. Jirani yetu Argemiro alimwaga maziwa yake, akasafisha gari lake la kubebea maziwa, tukampakia. Libia alipanda nyuma, akakishika kichwa cha mdogo wake kisigongwe.

Kabla ya Yarumal mlima ulikuwa umeporomoka. Barabara imefungwa, magari yamejipanga. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Watu walishuka na majembe. Tingatinga lilikuwapo, dereva wake kando anakunywa maji moto ya sukari guru. Leonidas alimweleza tumebeba maiti, akamwomba, naye akaendelea kunywa. Libia akashuka.

"Kijana, panda mtambo wako."

"Pole, mama. Lakini maiti hana haraka."

"Wa kwako hana. Wa kwangu ana miadi na daktari, na hajawahi kuchelewa tangu azaliwe. Weka kikombe chini!"

Aliweka kikombe chini. Dakika arobaini baadaye upande mmoja ulifunguka, na magari yote yakatupisha sisi mbele.

Tulifika Medellín saa tano na dakika arobaini. Yule daktari, sasa ana mvi, alikuwa mlangoni. Alitazama saa, akasema, "Mmewahi." Leonidas aliketi sakafuni. Libia aliketi karibu naye, akamwambia, "Inuka, shemeji, watu wanatuangalia," lakini yeye mwenyewe hakuinuka.

Jana tulirudishiwa marehemu. Libia alimfunga kitambaa cha bluu kichwani. Amependeza.

Tunawashukuru waliochimba kwa majembe, Argemiro, na kijana wa tingatinga ambaye jina lake hatukuuliza. Tunaomba asiyejua asinong'one tena habari za laana. Huzuni ipo. Lakini ugonjwa umemwachia, na mzigo wa ahadi umetua.

Marehemu ameacha mumewe Leonidas, dada yake Libia, watoto wake Marleny na Duván, na wajukuu watatu.

Lala kwa amani, Nohemí. Ulichoahidi kimefika, na kilifika mapema.