Aliyepuliza Tarumbeta

Wasikilizaji wapendwa, leo ni tarehe kumi na tisa, mwezi wa saba. Kila mwaka, tarehe kama ya leo, huwa nawasomea mambo matatu ya muziki. La kwanza, kuzaliwa kwa yule mpiga kinanda kipofu aliyefundisha nusu ya wapiga kinanda wa mji huu. La pili, bendi ya reli kupiga kwa mara ya mwisho, kisha ikavunjwa na vyombo vikafungiwa ghalani. La tatu, kurekodiwa kwa ule wimbo wa kuaga, miaka arobaini na tisa iliyopita.

Wimbo huo mnaujua. Unaanza na tarumbeta peke yake, bila ngoma, bila gitaa. Mwanzo wake ndio tunaoutumia kufungulia matangazo ya vifo, na tumeutumia hivyo kwa miaka thelathini na moja. Nyumba nyingi zikiusikia, mtu hupunguza moto jikoni na kusogea karibu na redio.

Na kila mwaka nimewaambia kwamba aliyepuliza tarumbeta lile ni mdogo wake Kapteni, yule kiongozi wa bendi iliyourekodi. Nimelisema hilo mara kumi na tisa, kwa sauti hii hii. Wasikilizaji wapendwa, si kweli. Aliyepuliza ni mwanamke. Bendi ilimwita Dada Shaba. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali. Alifariki wiki tatu zilizopita, na leo angetimiza miaka sabini na mmoja.

Kipindi cha leo ni chake.

Baba yake alikuwa mfagiaji wa shule. Siku moja walimu walitupa tarumbeta lililobonyea, na mfagiaji akalichukua. Akalinyoosha kwa mpini wa nyundo, akaziba tundu kwa risasi ya kuchomelea, akamletea binti yake wa miaka tisa. Mama hakupendezwa hata kidogo.

"Mtoto wa kike unampa tarumbeta? Mashavu yatamlegea kama mfuko. Nani atamwoa?"

"Ataolewa na kiziwi," mfagiaji akajibu. "Watapatana sana."

Dada yake mkubwa, ambaye yuko hai na ndiye aliyenisimulia haya, anasema nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na mtoto alikuwa akijifunzia ndani ya kabati la nguo. Aliingia, akajifungia, akaziba mdomo wa tarumbeta kwa soksi ya baba. "Nguo zetu zote zilikuwa na harufu ya shaba," anasema dada yake. "Shuleni walinicheka. Nilimchukia mwaka mzima. Halafu siku moja nikasikia alichokuwa anapiga mle kabatini, nikakaa chini kwenye sakafu, nikasahau ufagio mkononi."

Alipofika miaka kumi na minane akaajiriwa hospitalini, kwenye chumba cha kufulia. Mashine nne, mvuke usioisha, mashuka yenye damu asubuhi na mashuka yenye damu jioni. Ili ajiongezee kipato alikuwa akiwapigia pasi wapiga muziki sare zao. Hivyo ndivyo alivyoifahamu bendi ya Kapteni. Aliingia kwa mlango wa mashati.

Kapteni aligundua siri yake kwa bahati. Alifuata sare siku moja, akasikia tarumbeta nyuma ya nyumba. Akazunguka akitafuta mwanamume. Akamkuta dobi wake, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, amefumba macho. Tangu siku hiyo wakamwita Dada Shaba, wakamruhusu apige nao kwenye mazoezi. Kwenye mazoezi tu. Jukwaani alipanda mdogo wake Kapteni.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Tarehe kumi na tisa, mwezi wa saba. Siku hiyo Dada Shaba alikuwa anatimiza miaka ishirini na miwili, na bendi ilikuwa imepewa saa tatu za studio, asubuhi, hapa hapa kwenye jengo letu. Mdogo wake Kapteni aliamka jino limemvimba. Shavu lilikuwa limejaa utadhani ameficha limau. Alijaribu kupuliza, machozi yakamtoka. Kapteni alitazama saa ya ukutani, akatazama mlangoni, na pale mlangoni alikuwa amesimama dobi na mashati sita mkononi.

"Dada Shaba, weka hizo nguo."

Aliziweka. Fundi mitambo alikuwa na kipaza sauti kimoja tu kwa bendi nzima, kwa hiyo akamwambia arudi nyuma, karibu na ukuta. Akapuliza mara moja. Hawakurudia. Fundi huyo, ambaye sasa ni mzee mstaafu, ananiambia kwamba walipomaliza mpiga ngoma alikwenda dirishani, akasimama huko akiwapa mgongo.

Santuri ilipotoka, jina la mpiga tarumbeta lililoandikwa kwenye jalada lilikuwa la mdogo wake Kapteni. Dada Shaba alikwenda kuuliza. Kapteni hakuwa mtu mbaya, wasikilizaji. Alikuwa mtu wa kuogopa kuchekwa.

"Dada, jina la mwanamke kwenye tarumbeta? Watu watasema tunafanya mzaha. Subiri. Toleo la pili tutarekebisha."

Toleo la pili likatoka, la tatu likatoka. Jina halikubadilika. Kisha bendi ikasambaratika, kila mtu akashika njia yake. Dada Shaba akajikaza, akarudi kwenye mashuka yake. Akaolewa, akapata binti mmoja, akafiwa na mume mapema. Hakuzungumzia habari ile. Ila kila mwaka, tarehe kama ya leo, alifungua dirisha la sebuleni, akasimama, akapiga ule mwanzo wa wimbo mara moja tu, akarudisha tarumbeta mahali pake. Binti yake, ambaye leo ni muuguzi katika hospitali ile ile, alidhani hiyo ndiyo namna mama yake anavyojipongeza kwa kuzaliwa.

"Baadaye mama mkubwa aliponieleza, nilimwuliza mama kwa nini hadai jina lake," binti ananiambia. "Akasema, nalidai kwa nani, na mimi ninalo tarumbeta?"

Alipokuwa na miaka hamsini na minane, aliamka asubuhi, akaenda kunywa maji, yakamwagika kifuani. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelala. Kiharusi. Mkono ulipona, mguu ukapona. Mdomo haukupona. Mashuka akaachishwa, na tarumbeta likamwacha.

Wasikilizaji wapendwa, ninaposema mdomo haukupona, nataka mnielewe. Mpiga tarumbeta hana kitu kingine. Mpiga gitaa akivunjika kidole, anabaki na tisa. Yeye alikuwa na midomo miwili, na nusu ya kila mmoja ilikuwa imekufa. Binti yake alimkuta mara nyingi mbele ya kioo cha bafuni, akibana kona ya mdomo kwa vidole, akipuliza hewa. Mwaka ule tarehe kumi na tisa ilipofika, alifungua dirisha kama kawaida. Akasimama hapo. Kisha akalifunga.

Miaka minne baadaye mdogo wake Kapteni alifariki. Redio hii ikamfanyia kumbukumbu ya saa nzima. Niliisoma mimi. Nikamwita mdomo wa dhahabu. Nikaupiga ule mwanzo wa wimbo mara tano, na mara zote tano nikalitaja jina lake.

Siku ya tatu baada ya kipindi kile, mwanamke mmoja alifika mapokezi na kuomba kuniona. Alikuwa amevaa nguo safi iliyonyooshwa vizuri, na mkononi alishika foronya yenye kitu kizito ndani. Nilishuka nikiwa na haraka, chai yangu inapoa juu. Alinisalimia kwa heshima, akaeleza. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, ikabidi niiname nimsikie. Alisema hataki kumwondolea marehemu heshima yake. Alisema anaomba tu lisemwe, hata mara moja, kwamba siku ile aliyepuliza ni yeye.

Hapa nataka kunyamaza, lakini nimekatazwa kunyamaza. Mtaelewa kwa nini.

Nilimwambia, "Mama, watu wengi hufika hapa na hadithi. Kama kweli ni wewe, piga."

Alinitazama. Akatoa tarumbeta kwenye foronya. Mlinzi na dada wa mapokezi walikuwa wanatazama, na wageni wawili. Akaliweka mdomoni, akajaribu. Hewa ilitokea pembeni, na mate yakamtiririka kidevuni. Akajaribu tena. Mgeni mmoja akacheka, si kwa ubaya, alicheka kwa kukosa la kufanya. Mimi nilitazama saa yangu. Akajifuta kwa ncha ya foronya, akalirudisha tarumbeta ndani taratibu, akasema, "Samahani, baba, nimekupotezea muda." Akatoka.

Nilipanda juu. Chai ilikuwa bado ina moto.

Nyumbani binti yake alimwuliza, "Mama, umewakuta?" Akajibu, "Sikumkuta mtu." Hakusema zaidi hadi anakufa, miaka minane na kitu baadaye, mchana, akiwa amelala ubavu, binti yake amemshika mkono.

Tangazo la msiba wake lililetwa hapa kama matangazo mengine. Lilisomwa saa saba mchana. Na kabla halijasomwa, kama desturi yetu, ukapigwa ule mwanzo wa wimbo. Sebuleni kwa marehemu watu walikuwa wamejaa, wameketi kwenye mikeka na viti vya kuazima. Redio ikawashwa. Tarumbeta likalia. Dada yake mkubwa akapiga paja lake kwa kiganja, akasema kwa sauti, "Haya, sikilizeni! Huyo ni yeye. Anajitangaza mwenyewe." Majirani wakatazamana. Mmoja akamletea maji, akidhani msiba umemzidi.

Lakini mtu mwingine naye alisikiliza tangazo lile, mji mwingine kabisa. Yule fundi mitambo mstaafu. Alisikia maneno "mstaafu wa kufua nguo hospitalini, maarufu kama Dada Shaba", akapiga simu hapa redioni, akaomba kuzungumza nami. Hakunisalimu.

"Kijana, mmemtangaza Dada Shaba kwa tarumbeta lake mwenyewe, halafu mkasema ni mfua nguo?"

Nikamwambia kwamba hakuna ushahidi. Akasema, "Shuka maktabani kwenu. Kanda ya kwanza, boksi la kijivu, mwandiko wangu. Niliiacha inazunguka kabla hawajaanza."

Nilishuka. Kutoka ofisini kwangu hadi maktaba ni ngazi ishirini na mbili. Boksi la kijivu lilikuwepo, na mwandiko ulikuwepo. Niliiweka kanda kwenye mashine. Kwanza kuna kelele za viti. Halafu sauti ya mwanamume inasema, "Dada Shaba, rudi nyuma. Hatua mbili." Halafu sauti ya msichana inauliza, "Hapa?" Mwanamume anasema, "Hapo hapo." Msichana anavuta pumzi, inasikika kabisa. Na tarumbeta linaanza.

Miaka hamsini kasoro mmoja kanda hiyo ilikuwa chini ya miguu yetu. Chini ya miguu yangu siku ile nilipomwambia apige.

Nilikwenda kwa binti yake. Nilijipanga njia nzima niseme nini. Nilipofika nilimwambia yote, na lile la mapokezi pia, kwa sababu sikuweza kuingia na moja nikaacha jingine mlangoni. Muuguzi alikuwa bado amevaa sare ya kazi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulimwambia apige?"

"Ndiyo."

"Na mdomo wake ulikuwa unauona?"

"Nilikuwa nauona."

Jirani alikuwa anachota maji nje, ndoo ikajaa, maji yakamwagika, bomba likafungwa. Kisha muuguzi akasema, "Basi hilo ulisome redioni. Usiliruke. Ukiliruka, usinitajie mama yangu."

Sijaliruka.

Juzi alikuja kusikiliza kanda. Nilimwekea, nikasogea pembeni. Tarumbeta lilipoanza alinyoosha mkono, akaomba nisimamishe. Alitaka nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. Sauti ya msichana ikauliza, "Hapa?" Akaomba tena. Nikarudisha tena. Tulirudia mara saba au nane, neno hilo moja. "Miaka hii ya mwisho mama alizungumza kwa shida," akasema. "Nilikuwa nimeisahau sauti yake." Tarumbeta hakutaka kulisikia siku hiyo. Alisema hilo analijua.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa muuguzi, binti pekee wa marehemu. Natoa pole kwa dada yake mkubwa, aliyesema kweli mbele ya watu na akaletewa maji. Natoa pole kwa wafanyakazi wote wa chumba cha kufulia, waliomzika mwenzao bila kujua walifua na nani. Kuanzia leo kumbukumbu zetu zimeandikwa upya: tarehe kumi na tisa, mwezi wa saba, tarumbeta, Dada Shaba. Kosa lilikuwa letu, na kwa sehemu kubwa lilikuwa langu. Masahihisho haya yamechelewa. Hayamfikii.

Nawaomba jambo moja tu. Kesho mtakuwa kazini, kwenye kaunta zenu, kwenye ofisi zenu, kwenye milango mnayoilinda. Atakuja mtu mwenye neno linalomtoka kwa shida. Kabla hamjamwomba ushahidi, mpeni kiti. Mimi siku ile sikumpa. Alizungumza nami akiwa amesimama, mwanzo hadi mwisho.