Mpiga Besi wa Tanuri na Kanda Iliyokwenda Pole Pole

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi nyote wenye fulana nyeusi mliojaa hadi barazani, familia imemteua dada wa marehemu, yule anayemfuata kuzaliwa, awasomee maisha ya kaka yake, naye anaomba mumvumilie kwa kuwa miwani aliyovaa ni ya kuazima, na kwa kuwa marehemu mwenyewe aliacha sharti kwamba historia hii isipambwe, hivyo tutasoma yaliyotokea, pamoja na lile moja ambalo familia ilikaa vikao viwili kujadili kama lisomwe au lizikwe naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mwashi na mama mfua nguo wa hospitali, katika nyumba ya kupanga iliyopakana na karakana ya seremala, na tangu utotoni alikuwa mtu wa masikio, alijua ni nani anapanda ngazi kabla mlango haujafunguliwa, hata mama akawa anasema kwamba mtoto huyu husikia sukari ikiyeyuka. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari hadi 1979, ambako hesabu zilimpiga chenga mwaka baada ya mwaka, lakini huko ndiko alikoketi dawati moja na rafiki yake mpiga gitaa, ambaye yupo nasi hapa mbele, wakawa chanda na pete. Mwaka 1981 alimaliza chuo cha ufundi, na Januari 1982 akaajiriwa kutengeneza redio katika chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, kwenye meza iliyo dirishani, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane bila kumrudishia mteja redio iliyopungukiwa hata skrubu moja.

Tarehe 17 Septemba 1985 walianzisha bendi ya Tanuri, wakipiga hevi metali, marehemu kwenye besi, rafiki yake kwenye gitaa, mwoka mikate wa mtaa wa pili kwenye drams, na mwimbaji wao karani wa mahakama, mtu mpole ambaye ukimkuta ofisini usingedhani ana ngurumo ile kifuani. Walifanya mazoezi kila Jumapili mchana katika ghala la magunia, na mama yetu alifika mara moja tu, akauliza ni nani ameumia, akaambiwa hakuna, akarudi zake nyumbani. Aliyewabeba wakati huo alikuwa mpiga gitaa, kwa kuwa alipiga kwa kasi ambayo macho hayakuweza kuifuata, na hakuwa na haya kulisema hilo mwenyewe.

Februari 1988 walirekodi nyimbo nane, na marehemu, kwa kuwa ndiye fundi, akapewa kazi ya kunakili kanda mia mbili na arobaini pale kwenye karakana yake ya redio. Mashine ya kuchezea kanda mama, ile ya asili iliyonakiliwa, ilikuwa na mpira wa kuzungushia uliolegea, nyimbo zikatoka zikienda pole pole na sauti zikiwa nzito, karani akasikika kama anaimba kutoka kisimani, na zile mbio zote za gitaa zikawa mwendo wa mtu aliyebeba kabati. Kanda zilikwisha kusambazwa mpiga gitaa alipoisikia ya kwake, akaja karakanani akitetemeka, akamuuliza rafiki yake kama alijua, naye marehemu akajibu kwamba mpira ulichakaa bila yeye kutambua.

Basi yakawa yale ambayo hakuna aliyeyapanga, watu wakaipenda kanda ile kufa, na bendi ilipopanda jukwaani Julai mwaka huohuo na kupiga kwa kasi yake ya zamani, ukumbi mzima ukapigwa na butwaa, wakidhani ni bendi nyingine. Ikabidi walegeze nyuzi na kujifunza nyimbo zao wenyewe upya kutoka kwenye kanda mbovu, na kufikia 1999 bendi kumi na moja za vijana zilikuwa zikipiga hivyo, wengine hata wakiiga mahali ambapo mpira uliteleza katika wimbo wa pili na sauti ikayumba, jambo walilolifanyia mazoezi kwa miezi. Mpiga gitaa alikubali yaishe, akasifiwa kwa mtindo asioutaka, ila mara kwa mara alilalamika kwamba vijana hawa watakufa bila kujua yeye alikuwa na mbio kiasi gani.

Miongoni mwa walionunua kanda ile alikuwa mpokea simu mmoja, aliyeleta redio yake karakanani akilalamika kwamba inavuta nyimbo, marehemu akaifungua, akakuta ni nzima kabisa, akakaa nayo siku tisa ili tu mwenyewe aje kuiulizia. Walifunga ndoa tarehe 3 Agosti 1991, wakajaliwa binti mwaka 1993 na mwana mwaka 1997, na ni huyu wifi yetu peke yake aliyeambiwa ukweli, kwamba marehemu alipokuwa akinakili na kusikiliza kanda ya tatu kwa hedifoni alijua kila kitu, mpira mpya ulikuwa kwenye droo, naye akaifunga droo kwa sababu alikuwa hajapata kusikia kitu kizuri kama kile. Wifi alimsihi amwambie mwenzake, naye alisema kesho, kesho hiyo ikala miaka zaidi ya thelathini, na mwaka 2014 vidole vya mpiga gitaa vilipokakamaa na bendi ikasimama, ulimi wa marehemu ulizidi kuwa mzito.

Novemba 2022 alianza kuugua mapafu, akalazwa Januari, na tarehe 4 Machi 2023 akapiga moyo konde, akamweleza rafiki yake yote, mpaka rangi ya ile droo. Mpiga gitaa aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga, na kwa siku kumi na moja hakuonekana, wakati ambapo kaka yetu, tuseme bila kuficha, alilia kama mtoto na kugoma kula, akiuliza kila mlango ulipofunguka ni nani. Tarehe 15 Machi rafiki yake aliingia na beseni na wembe, akamwambia kwamba aliyemharibia mtu jina la kasi alale atulie anyolewe pole pole, akamnyoa kwa vidole vile vilivyokakamaa kwa saa nzima, wala hawakulizungumza tena. Alikuja kila siku mpaka tarehe 2 Aprili, saa nne asubuhi, kaka yetu alipokata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani waliotupikia na kutufulia, mafundi wenzake, na bendi zote zilizofika.

Mpiga gitaa naye ameomba isomwe sentensi moja aliyoiandika leo asubuhi, na dada wa marehemu anaisoma kama ilivyo: kwamba zile nyimbo zilikuwa nzuri zaidi zikienda pole pole, kwamba yeye alilijua hilo tangu siku ya kwanza aliyoisikia kanda, na alikwenda karakanani akitetemeka kwa sababu hiyo hasa, kwamba aliona aibu kulisema miaka yote, na hata siku ile ya kumnyoa, wembe ukiwa mkononi na rafiki yake akimtazama, alinyamaza.

Pumzika salama, kaka yetu, sasa umeambiwa.