Mzee Iliasi na Miguu Mipya ya Mama Mkwe

Tarehe 30 Juni Mzee Iliasi Mahamudu atarudisha funguo za gari la kituo chetu cha afya hapa Kasongo, miaka thelathini na miwili tangu alipozipokea. Nimeombwa niandike mimi, mpishi, kwa sababu wakubwa wana kazi nyingi. Shule sikufika mbali, lakini nimempikia chai miaka kumi na tisa, na dereva unamjua kwa jinsi anavyokunywa chai kabla ya safari.

Gari lenyewe halina baba mmoja. Kichwa ni cha jeep ya enzi za pamba, moteri ni ya pikapu, na kitanda cha nyuma alikichonga seremala. Tunaliita Mama Mkwe: lina kelele, linaumiza mgongo, lakini siku ya shida ndilo linalofika. Limeleta wajawazito wangapi kutoka Kabambare na Wamaza? Mzee anakataa kuhesabu. Anasema watu ukiwahesabu, mmoja anapungua.

Miaka mitatu iliyopita kamati ya kituo ilihurumia migongo ya wagonjwa. Ikaagiza miguu mipya ya mbele, ile ambayo kila gurudumu linaruka peke yake bila kumsumbua mwenzake, badala ya ekseli moja nzito na resori zake, yaani springi za vyuma bapa. Fundi Élysée akaileta kutoka Bukavu. Mzee akaizunguka mara mbili, akasema: "Iko muzuri. Iko kama watoto wa baba moja kisha matanga, kila mutu na njia yake." Kamati ikacheka, ikaandika kwamba dereva amekubali.

Jaribio likafanywa kwa elimu. Sufuria yangu ya mafuta ya mawese iliwekwa kwenye kitanda cha mgonjwa, gari likazunguka mbele ya ofisi, kwenye barabara iliyosawazishwa wiki ileile kwa ajili ya mgeni mkubwa. Halikumwagika hata tone. Tukapiga makofi. Mzee peke yake ndiye aliyeuliza kama huyo mgeni atafika Wamaza pia.

Basi wakamtuma Wamaza, na uzito wa mgonjwa na ndugu yake. Hakuna aliyejitolea kuugua, kwa hiyo Mzee akapakia ekseli ya zamani na resori zake, akaifunika turubai. Daktari Antoine wa kituo akamsifu kwa kupata uzito sawasawa. Mimi nilikaa nyuma nikishika sufuria. Kwenye daraja la magogo gurudumu la kushoto likaruka peke yake kweli, mkono wa chuma unaolishika ukajikunja kama ndizi, na mawese yote yakawa yangu. Élysée akapanda kilima kutafuta rezo ya simu aagize kipande kingine. Mzee akamfunua mgonjwa wake. Siku mbili, mhunzi mmoja wa kijiji, bolti nane, tukarudi nyumbani. Ripoti yake ilikuwa mistari miwili: "Mupya ni muzuri. Tulirudi na ya zamani."

Kamati ilisoma mstari wa kwanza. Ndiyo maana, kumheshimu Mzee anapostaafu, imeamua kumvisha Mama Mkwe ile miguu mipya tena tarehe 1 Julai, imenyooshwa na kupakwa rangi ya bluu. Tunashukuru. Binti yangu Aicha yuko Wamaza na mimba ya kwanza, atajifungua mwezi huohuo wa saba. Sina wasiwasi hata kidogo. Maharagwe ya wiki hii kutiwa chumvi mara mbili ni bahati mbaya tu.

Mzee aliulizwa anataka zawadi gani. Wengine huomba kiti cha kupumzikia. Yeye aliomba ekseli yake kuukuu, na kamati ikafurahi kupata nafasi garajini. Ila hakuipeleka kwake. Iko jikoni kwangu, nyuma ya magunia ya makaa, na bolti nane zimepakwa mafuta ndani ya kopo la maziwa. Alipoileta aliomba chai tu, akainywa taratibu, kama anavyoinywa kabla ya safari.

Asante, Mzee wetu, kwa kila mama uliyemfikisha. Mungu akupe wewe na mkeo Mama Faridah afya, mbuzi wengi, na usingizi usiogongwa mlango. Pumzika vizuri. Ila mwezi wa saba, nakuomba, usipumzikie mbali na simu.