Evodi Lyamba na Ngazi ya Dari

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, saa kumi jioni, ndugu yetu Evodi Lyamba atakunja koti lake la kazi, atalitia kwenye kiroba na kutoka geti la Karakana ya Kassiani na Wanawe, hapa Mpanda, baada ya miaka arobaini na miwili ya kuchonga mipini. Alikuja akiwa na miaka kumi na minane, anaondoka na sitini. Kuandika wasifu huu nimepewa na kamati ya sherehe, kwa sababu kila aliyeombwa alisema ana kazi nyingi. Kamati yenyewe ni Malale, mfua chuma wetu, pamoja na mimi Monika, mtunza stoo tangu 1996. Malale ndiye aliyesema ana kazi nyingi.

Kwa wageni wasioijua karakana hii, ilianzishwa mwaka 1960 na Mzee Kassiani, mhunzi aliyetoka Ufipa na mivukuto yake ya ngozi, akaweka banda jirani na reli. Alifua majembe, mashoka na miundu kwa vyuma chakavu. Mwanawe Laurence aliipokea mwaka 1988, akajenga banda la tofali, akanunua mashine ya kunolea, na kuna miaka tulifika watu thelathini na mmoja. Laurence alitutoka 2016. Bosi wetu sasa ni binti yake, Aneth, na tumebaki saba. Kesho tutakuwa sita.

Mzee Kassiani aliacha sheria moja tu ambayo kila mfanyakazi anaambiwa siku ya kwanza: mpini haushuki darini kabla haujapita viangazi viwili. Unachongwa, unaandikwa mwaka kwa mkaa, unapandishwa juu ya tanuri, basi, usiuguse tena. Jembe letu lina mkia, na mkia huo unapigiliwa kwenye kichwa cha mpini kilichotobolewa kwa chuma cha moto. Mpini mbichi utaushika mkia vizuri kabisa siku ya kuuza. Ukija kukauka, kichwa kinapasuka na jembe linachomoka mkulima akiwa amelinyanyua.

Evodi aliivunja sheria hiyo mara moja. Mwenyewe amesisitiza niandike, maana nilitaka kuiruka.

Ilikuwa Oktoba 1998. Chama kimoja cha wakulima kiliagiza majembe elfu moja na mia mbili kwa mkupuo, na Laurence alifurahi hata chakula cha mchana akakisahau. Mipini mikavu ilikuwa mia saba. Akamwambia Evodi ashushe na ile ya mwaka uleule. Evodi akasema bosi, hii bado. Laurence akasema mvua hizo hapo zinakuja, wewe shusha tu. Evodi akashusha. Anasema asisingiziwe mtu, ngazi alipanda yeye na mikono ilikuwa yake.

Kufika Februari yakaanza kurudi. Ya Mishamo yalikuja kwa baiskeli, yamefungwa kama kuni. Kutoka Kibaoni alishuka kwenye basi mama mmoja aliyeitwa Tereza, mkono huu mpini, mkono ule jembe, akaviweka juu ya meza yangu. Lilichomoka likampiga mdogo wake mguuni, akashonwa nyuzi tisa. Nikamwambia tutambadilishia. Akasema hakuja kubadilishiwa, alikuja kumwona mtu anayetengeneza vitu hivyo. Evodi akatoka, akasimama mbele yake na vumbi lake la mbao. Yule mama alimtazama juu mpaka chini, akamwambia kumbe na wewe ni mtu mzima, akageuka kuwahi basi. Jamani, heri angempiga kofi.

Mwisho wa kiangazi kilichofuata, mipini iliyokuwa imebaki darini ilipokauka kweli, Evodi alijaza magunia akaenda Kibaoni, kisha Mishamo. Alizunguka wiki tano, kijiji kwa kijiji, akitia mipini mipya kwenye kila jembe lenye chapa yetu, liwe limechomoka au la. Alirudi amekonda, suruali kaifunga kwa kamba. Siku iliyofuata alinunua mnyororo na kufuli, akaifunga ngazi ya dari, na ufunguo akautundika shingoni mwake.

Umekaa hapo miaka ishirini na sita. Laurence, mwenye mali, aliuomba mara mbili akanyimwa mara mbili, na mara ya pili alicheka mwenyewe akaenda zake. Shemeji yetu Verdiana analalamika mpaka leo kwamba kwenye harusi ya binti yao Lusia, baba wa bibi harusi alipiga picha zote na ufunguo ukining'inia juu ya tai. Sisi tulikuwa tunamtania kwamba ameoa ngazi, Verdiana ni mke mdogo. Yeye alikuwa akiendelea kupiga msasa.

Kwa hesabu ya stoo, Evodi amechonga mipini elfu thelathini na nane na ushee. Mgongo umeisha. Siku hizi anapanda ngazi kwa kujivuta na mikono, na akifika juu anakaa kwanza.

Tumechoka, acha niseme ukweli, hata kama ni siku ya sherehe. Majembe ya dukani yanakuja yamepakwa rangi, bei ya chini. Wafugaji waliokuja na ng'ombe wao wanalima kwa plau. Mteja anashika jembe letu, analipima mkononi, anasifia weee, analirudisha mezani anaondoka. Unafungua stoo asubuhi, unafunga jioni, na vitu viko vilevile.

Ndiyo maana Januari, Aneth alipotuita, hakuna aliyeshangaa. Alisema baba mdogo, ndivyo anavyomwita Evodi, akistaafu hatatafuta mtu mwingine, kitengo cha mipini kitakufa naye, na baada ya hapo itabidi aangalie kama hata tanuri lina haja ya kuwaka. Macho yake yalikuwa mekundu wakati anasema. Alimwomba Evodi asichonge mipya, amalizie iliyopo. Evodi akajibu sawa mwanangu.

Mwezi uliopita Evodi alinifungulia ngazi, nikapanda darini kuhesabu kwa ajili ya makabidhiano. Mstari wa 2023 ulikuwa umebaki kidogo. Mstari wa 2024 ulikuwa kama ninavyoujua. Nyuma yake, pale ambapo pangekuwa patupu, palikuwa na mipini mia nne na kumi na mbili, imepangwa sawasawa, kila mmoja umeandikwa 2025. Nilihesabu mara mbili. Kumbe alikuwa anachonga kwake Misunkumilo, kwa miti ya shamba lake mwenyewe, akifunga kumi kumi kwenye baiskeli na kuipandisha asubuhi kabla hatujafika.

Nilimwambia Aneth. Akaomba ufunguo, na Evodi akautoa, jambo ambalo marehemu Laurence hakuwahi kuliona. Alikaa juu nusu saa. Alipotelemka na vumbi kichwani aliuliza, baba mdogo, hii yote ni ya nani? Evodi akasema hajui, yeye atakuwa nyumbani. Ila haishuki kabla ya Oktoba mwakani, na atakayekuwepo aangalie lile bati la kona, linavuja.

Aneth akaingia ofisini, akafunga mlango. Kesho yake alitwambia tanuri litawaka mpaka mpini wa mwisho wa dari ile upate jembe lake. Zaidi ya hapo hajaahidi kitu, na hatujamwuliza.

Ijumaa Evodi alikuja stoo, akaivua ile kamba ya ufunguo, akanivika mimi bila hata kuniuliza. Kaka Evodi, nikuambie jambo ambalo hukulijua. Kwenye droo yangu kuna barua ya kuacha kazi, nimeiandika tangu Machi, ya Desemba hii. Bado iko palepale. Nimefuta Desemba 2025, nimeandika Oktoba 2026, na bati la kona Malale ameshaliziba.

Kwa niaba ya familia ya Mzee Kassiani na sisi sita, asante kwa kila mpini, hasa ile mipini ya Kibaoni. Tunakuombea mgongo upoe, usingizi usiovunjwa na king'ora cha saa moja, na Verdiana akuzoee bila ufunguo. Oktoba mwakani, siku ya kuishusha mipini ya 2025, tutatuma pikipiki ikufuate Misunkumilo. Uje ukae kwenye kiti, uangalie tu, usishike kitu.