Kazi ya Popote

Muuguzi aliyetoka zamu alitaka kusinzia basini, lakini masikio yakakataa. Kiti cha mbele, mama mmoja alikuwa akimhoji kijana mwenye kompyuta mapajani.

“Ofisi yako iko wapi, mwanangu?”

“Popote, mama. Leo humu, kesho nchi nyingine. Muhimu intaneti tu.”

“Ndiyo kazi ya kitindamimba wangu. Kila akipiga simu ya video, naona dirisha jingine nyuma yake.” Akashusha pumzi. “Intaneti nimeshaivuta hadi chumbani kwake. Meza nimeiweka penye mwanga. Hebu niambie wewe mwenzake, kwangu kumepungua nini?”

Kijana, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu stendi, akafunga kompyuta. Basi likasimama, mama akateremka.